Mwisho wa Kamba

Shule yetu ilijengwa mahali ambapo misafara ya zamani ilikuwa ikipiga kambi, kwenye njia itokayo Tabora kwenda Puge na Nzega. Ndiyo maana kila baada ya mvua za kwanza watoto walifika darasani na shanga viganjani, nyekundu na za buluu, maji yamezifukua uwanjani. Mwalimu Apolinaria alizikusanya ndani ya kibuyu akafundishia hesabu. Vifaa vingine havikuwa vingi: ubao, picha ya Malkia mpya iliyotundikwa mwaka ule pale ilipokuwa picha ya baba yake, na kamba ya magome ya miombo, ndefu, laini, iliyosokotwa na Bibi Nyanzobe.

Bibi Nyanzobe aliileta kamba hiyo siku alipomwandikisha mjukuu wake, Flavia. Mama wa mtoto alikwisha kufa, na baba alikwenda Tanga kukata mkonge, hakurudi wala hakutuma salamu. "Sina cha kuwapa," bibi alisema siku ile, "ila mikono inajua kusokota." Tangu hapo kamba ikatumika kuteka maji, kuruka, na kupimia bustani ya shule.

Apolinaria alisoma kwa masista mpaka darasa la sita, akaishia hapo. Mwalimu mkuu, Mwalimu Kasimiri, alimpa watoto wadogo kwa sababu, alisema, yule binti hana haraka. Ni kweli hakuwa na haraka. Mtoto akikwama kwenye silabi, Apolinaria alimngoja kama mtu anayengoja maji yachemke. Tena alikuwa mtu wa kutazama. Kwa jinsi mtoto anavyokaa tu alijua nani amekuja bila kula na nani amechapwa nyumbani. Ndiyo maana jambo lile likamuuma zaidi. Mtu aliyezoea kuona, siku ile hakuona mpaka amekwisha kucheka.

Somo lilikuwa la viumbe: nani anakula nini, na yeye analiwa na nani. Karatasi ya mafundisho iliyotoka misheni ilikuwa na picha ya samaki wadogo wakimezwa na wakubwa, na wakubwa wakimezwa na wakubwa zaidi. Watoto wetu na bahari wapi na wapi. Apolinaria akaiweka karatasi kando.

"Nani anakula mtama?" aliuliza.

"Sisi," darasa zima likajibu.

"Mbali na sisi."

"Panzi."

"Panzi naye analiwa na nani?"

"Na mimi," akasema Bernardo, mtoto wa Modest, ambaye hakuwahi kukaa na neno mdomoni. "Nikiwachoma."

"Mbali na Bernardo."

"Kanga," wakasema. Kanga analiwa na paka pori. Paka pori analiwa na chui.

"Na chui?"

Wakageuka kumtazama Bernardo.

"Analiwa na bunduki ya Bwana Nyama wa Serikali," akasema Bernardo.

Wakacheka, na Apolinaria akawaacha wacheke. "Sawa. Lakini chui akizeeka, akafa mwenyewe huko porini?"

"Fisi," wakasema, na sauti zao zikashuka. Hilo ni neno ambalo huku kwetu mtu hulisema huku akitazama mlango.

"Fisi," Apolinaria akakubali. "Fisi anakula kilichoachwa. Anakula nyama, ngozi, na mfupa pia."

"Ndiyo maana mavi yake ni meupe," akasema Bernardo. "Na kobe anayala, mwalimu. Mimi nimemwona kobe anakula mavi ya fisi."

Darasa likaanguka kwa kicheko. Mtoto mmoja akajifunika uso kwa kanga ya dada yake.

"Hayo hayamo kwenye somo, Bernardo."

"Yamo porini, mwalimu."

"Kaa chini."

Kisha akawatoa nje na kamba. Aliipanga vizuri kichwani tangu jana yake: kila mtoto awe kiumbe, ashike kamba mahali pake, waone jinsi wanavyoshikana. Wa kwanza akawa mtama, akasimama mikono juu kama suke. Panzi akarukaruka. Kanga akajishikilia mabawa. Wengine wakagombea uchui, mpaka Apolinaria akaugawa kwa wawili, dume na jike. Kila aliyeitwa alikimbia, na aliyekimbia mbele alichagua vizuri. Flavia hakukimbia. Mguu wake wa kushoto ulibaki mfupi tangu homa ya utotoni, naye alikwisha kujifunza kwamba michezo ya kukimbilia hungojwa mpaka iishe.

Akabaki peke yake pembeni. Kwenye kamba nayo ilibaki ncha moja.

"Bado fisi, mwalimu," wakasema.

Apolinaria alifurahi kwamba mtoto amepata nafasi. Hilo ndilo aliloliona, nafasi na mtoto. "Flavia, njoo wewe. Shika huku mwisho."

Flavia akaja. Kwa haya aliinamisha kichwa, na kwa mguu ule nyonga yake ikashuka kila hatua, bega likapanda, mgongo ukalala upande. Uwanja ulikuwa kimya. Bernardo akasema, tena si kwa sauti kubwa, "Huyu hahitaji kufundishwa."

Watoto wakacheka. Na mwalimu naye akacheka.

Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, cha mtu aliyeshtukizwa. Aliziba mdomo kwa mkono uliojaa chaki. Lakini kilikwisha kutoka. Flavia hakuwatazama watoto waliomcheka. Aliinua macho akamtazama mwalimu, muda mfupi tu, kisha akainama akaokota ncha ya kamba akaishika kama alivyoagizwa.

Somo likaendelea. Apolinaria alimwambia panzi aiachie kamba, na kamba yote ikalegea. Wakaona kwamba panzi akikosekana, hata chui atalala njaa. Walielewa. Walielewa kuliko siku yoyote. Mchana wakatawanyika kwenda makwao, na kila mmoja alilieleza somo nyumbani, kwa vidole na kwa kipande cha kamba au mshipi wa nguo.

"Na fisi alikuwa nani?" wazazi wakauliza.

"Flavia wa Bibi Nyanzobe."

"Nani aliyemchagua?"

"Mwalimu."

Hapo wazazi wakatazamana juu ya vichwa vya watoto.

Lazima niseme kilichokuwa kikinong'onwa. Huku kwetu mchawi hupanda fisi usiku kama watu wengine wanavyopanda baiskeli. Hakuna anayemfundisha mtu jambo hilo. Unakua nalo tu. Mwaka wa njaa fisi waliingia mazizi mengi wakala mbuzi, ila zizi la Bibi Nyanzobe hawakuligusa. Ua wake ulikuwa wa miiba ya migunga, mnene kuliko wa mtu yeyote, anauongeza kila wiki kwa mikono yake. Hilo watu hawakulisema. Walisema tu kwamba mbuzi wake ni wazima. Wakalisema kwa miaka, chinichini, bila kulitendea lolote. Sasa mtu aliyesoma kwa masista, mtu mwenye macho, amesimama mchana mbele ya watoto na kuonyesha fisi ni nani.

Kesho yake Flavia hakuja shuleni. Wala siku iliyofuata. Njiani watoto wa vijiji viwili walikuwa na wimbo wa kuchechemea, mmoja akiongoza na wengine wakifuata kwa mguu mmoja. Apolinaria aliwakuta wakiuimba, wakakatiza na kusema, "Shikamoo, mwalimu," kwa pamoja, kwa adabu sana. Akaitikia marahaba. Akapita. Nyuma yake wimbo ukaanza tena, naye hakugeuka, kwa sababu angewaambia nini.

Wiki haijaisha, fisi akaingia kwa Modest akachukua mbuzi mwenye mimba.

Kisimani Apolinaria aliwakuta wanawake wakizungumza. Walipomwona hawakunyamaza, na hilo lilikuwa baya kuliko kunyamaza. Walimpisha mbele.

"Teka, mwalimu," akasema Eustadia, mke wa Modest. "Wewe umetusaidia. Sisi tulikuwa tunaogopa kusema."

"Sikusema kitu, mama."

"Hukusema. Ulionyesha."

"Ulikuwa mchezo wa watoto."

"Mbuzi wangu hakuliwa na mchezo," Eustadia akasema, akamtwika ndoo kichwani kwa upole, kama mtu anayemtwika mkwewe.

Modest alikwenda kwa Mwanangwa Lugembe, mkuu wa kijiji chetu. Mwanangwa alikuwa mtu wa kupima maneno. Alisema, "Neno hilo Serikali imelikataza. Anayemwita mtu hivyo anafungwa, na mimi ninayemsikiliza navuliwa ukuu. Kwa hiyo hatutalitamka." Akanusa ugoro wake. "Tutamshauri tu yule mama ahame. Kwa wema. Tumalize kupura mtama kwanza, asije akasema tumemfukuza na njaa."

Habari zikamfikia Apolinaria kabla ya jioni. Usiku hakulala vizuri. Asubuhi alimwendea Mwalimu Kasimiri, ambaye alikuwa akinoa jembe la shule.

"Mwalimu, watamhamisha Bibi Nyanzobe."

"Nimesikia."

"Ni kwa ajili ya somo langu."

"Ni kwa ajili ya mbuzi wa Modest," Kasimiri akasema. "Somo lako lilikuwa zuri. Usilichafue kwa kulipeleka nyumba kwa nyumba. Padri msimamizi anakuja baada ya mavuno, na mimi sitaki akute shule inatajwa kwenye mambo ya fisi."

"Nilicheka, mwalimu."

Kasimiri akaacha kunoa. "Ulicheka nini?"

"Anavyotembea."

Mzee akarudi kwenye jembe lake. "Basi nenda kamwombe radhi bibi yake," akasema. "Nenda kimyakimya. Yaishe."

Apolinaria akaenda. Alichukua unga wa mtama kwenye kikapu kidogo, maana mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu. Boma la Bibi Nyanzobe lilikuwa mbali kidogo na mengine, na ua wa miiba ulimzidi mtu kimo. Flavia alikuwa uani akichambua magome. Alipomwona mwalimu akasimama, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa shuleni, kisha akachechemea kuingia ndani. Apolinaria akatazama chini mpaka mtoto alipopotea mlangoni. Hakujua tena lipi ni la adabu, kumtazama au kutomtazama.

"Mwangaluka, bibi."

"Mwangaluka," bibi kizee akajibu. Alikuwa amekaa juu ya ngozi, kamba ikitoka kati ya viganja vyake na kujikunja miguuni. Hakumpa kigoda. Apolinaria akapiga magoti palepale, akaweka kikapu mbele yake.

"Unga huu wa nini?"

"Nimekuja kuomba radhi, bibi. Kwa ajili ya Flavia."

"Ulicheka?"

"Nilicheka."

Viganja vikaendelea kusokota. "Aliniambia. Nikamwambia, hapana, umeona vibaya, watoto ndio waliocheka. Mwalimu yule ni mtu mzima. Nikamchapa kwa kukusingizia." Akaongeza gome kwenye kamba. "Sasa naye nimuombe radhi kwa unga gani?"

Apolinaria akautazama unga.

"Baba yangu alikuwa mpagazi," bibi akasema. "Alibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani, akarudi na vitambaa na shanga. Safari moja alikwenda na mdogo wake. Waliporudi, karibu kabisa wafike nyumbani, mdogo mtu akashikwa na ndui. Msafara hauketi na mwenye ndui. Walimwachia moto na kibuyu cha maji, wakahama. Asubuhi baba alitoroka akarudi nyuma kumtazama, akakuta kibuyu."

Kamba ikatulia mkononi mwake.

"Unajua ni wapi?"

"Sijui, bibi."

"Hapo mnapookota shanga." Akaashiria kwa kidevu upande wa shule. "Njia ile iliwalisha fisi kwa miaka mingi. Hawakuwa na shida ya kuwinda. Kwa hiyo watu wanaposema mimi napanda fisi, mimi nacheka. Fisi ni kaburi la baba yangu mdogo. Nani anayepanda kaburi? Lakini wewe ulimwita mjukuu wangu, ukampa kamba niliyosokota mwenyewe, ukamwambia, shika hapo, wewe ni huyo. Halafu ukacheka."

Apolinaria alikuwa analia. Alijaribu kulia bila sauti, maana alihisi hata kulia pale ni kujipendelea.

"Nisamehe, bibi."

"Unaniomba radhi humu ndani ya miiba," Bibi Nyanzobe akasema, "anayesikia ni mimi na mbuzi. Kucheka ulichekea wapi?"

"Uwanjani."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Basi." Akasukuma kikapu kwa mguu, taratibu, mpaka kikagusa magoti ya Apolinaria. "Chukua unga wako. Mimi nina mtama, wamesema watanisaidia kuupura kabla hawajanishauri."

Upuraji ulianza kwa Mwanangwa, kama ilivyo desturi. Uwanja ulikuwa umesiribwa kwa kinyesi cha ng'ombe ukakauka, ukawa mgumu kama sakafu. Kijiji kizima kilikuja. Huku kwetu usipokwenda kupura kwa mwenzio, wa kwako utaupura peke yako mpaka masika yakukute. Watu husimama safu mbili wakitazamana, fimbo za safu hii zikipanda za safu ile zinashuka, na wimbo ndio unaoshika mwendo.

Bibi Nyanzobe alikuja. Alisimama katika safu ya wanawake, na safu ikajikunja, ikamwacha. Kulia kwake nafasi, kushoto kwake nafasi. Fimbo zote zikashuka pamoja, kisha ya kwake ikafuata peke yake. Wote, kisha yeye. Wote, kisha yeye. Apolinaria alikuwa mwisho wa safu ileile, na kila fimbo ile iliposhuka peke yake alihisi imeshuka juu yake. Angeweza kusogea akajaza nafasi ubavuni mwa bibi. Hakusogea. Alikuwa ameifunga kamba ya shule kiunoni tangu alfajiri, ndani ya kanga, na mama yake alikwisha kuiona.

"Hiyo ya nini?" mama aliuliza njiani.

"Ya shule."

"Shule leo haipo. Mwanangu, usije ukatuaibisha. Kuna watu wa kwa Raymundi hapa, unajua wanakutazama kwa jambo gani."

Apolinaria alijua. Raymundi alikuwa na kijana, na mazungumzo ya posa yalikwisha kuanza.

Jua lilipopanda wakapumzika. Kibuyu cha togwa kikatolewa, kikazunguka mkono kwa mkono. Kilipomfikia mwanamke aliyekuwa karibu na Bibi Nyanzobe, kiliinuka, kikapita juu ya kichwa cha bibi, kikashuka upande wa pili. Hata hilo lilifanywa bila ubaya usoni, kama watu wanaoruka dimbwi la maji. Flavia alikuwa ameketi nyuma ya bibi yake. Alikifuata kibuyu kwa macho.

Apolinaria akasimama, akafungua kamba kiunoni.

"Watoto wa darasa la kwanza," aliita. Sauti ilitoka ya darasani, kwa kuwa hakuwa na nyingine. "Njooni mshike."

Watoto wakatazama wazazi. Kisha mtama akaja, na panzi, na kanga. Walikuja kwa kuwa mwalimu ameita. Wakapangana juu ya makapi. Watu wakadhani ni mchezo wa kuwaburudisha, wengine wakasogea waone vizuri. Mwalimu Kasimiri alianza kuinuka, akakaa tena.

Ncha ya mwisho ilikuwa chini.

"Bado fisi," akasema Bernardo, safari hii kwa sauti ndogo sana.

"Fisi ni mimi," akasema Apolinaria, akainama akaishika.

Kicheko kikapita uwanjani, kisha kikasita, watu wakingoja waone utani unakwenda wapi. Apolinaria alihisi shingo yake ikiwaka mpaka masikioni. Hakuitazama safu ya kina Raymundi.

"Siku ile nilimpa Flavia mwisho huu," akasema, "kwa sababu ndio uliobaki, na yeye ndiye aliyebaki. Kila siku anabaki, nami nawaacha wamwache. Alipokuja kushika, nilimcheka. Mimi, mwalimu. Nilicheka mguu wake. Sikuona kitu kingine. Masista hawakunifundisha kuona fisi ndani ya watu. Nasikia inasemwa mwalimu ameona, mwalimu ameonyesha. Anayesema hivyo aniulize, nipo hapa. Niliona mtoto anachechemea, nikacheka. Hakuna zaidi. Bibi Nyanzobe, Flavia, nimekosa. Nawaomba radhi mbele ya hawa."

Mahali fulani kuku alikuwa anaparua makapi.

Modest akasafisha koo. "Maneno mazuri, mwalimu. Sasa mbuzi wangu aliliwa na nani?"

"Na fisi, baba."

"Yupi?"

"Wa porini. Aliyepita palipokuwa wazi."

"Wazi wapi? Kwangu kuna ua."

"Ua," akasema Eustadia, mkewe, akiwa bado ameketi, miguu ameinyoosha. "Nimesema tangu masika. Ua ule hata kuku akiwa na haraka anaupita. Ukaniambia kesho, ukaenda kwenye pombe."

Hapo uwanja ukacheka kweli, wanaume kwa wanawake, kicheko cha watu waliokuwa wamekibana kwa siku nyingi. Mwanangwa Lugembe akafuta macho kwa ncha ya kanzu.

"Basi kesi imekwisha," akasema. "Tulikuwa tunamtafuta fisi, na fisi amekuja mwenyewe, amekiri, tena amekuja na kamba yake. Nani ana neno? Hakuna. Mpeni togwa, amechoka kuongea. Mwalimu Fisi, kunywa."

"Mwalimu Fisi," watu wakaitikia, wakicheka.

Akapewa kibuyu. Togwa ikammwagikia kidevuni, na hilo nalo likachekwa. Alikunywa. Kisha akatembea mpaka kwenye ile nafasi tupu, akapiga magoti, akampa kibuyu Bibi Nyanzobe.

Bibi akakipokea. Hakukipeleka mdomoni. Alikishika mapajani akamtazama Apolinaria, akatazama kamba iliyomfuata ikiburuzwa, na uwanja wote ukawa unamtazama yeye. Mwishowe akanywa, si haraka, akafuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja, akakinyoosha upande wa kushoto, kwenye nafasi.

Kibuyu kikabaki hewani. Mkono wa bibi ulikuwa mwembamba, nao ukaanza kulemewa.

"Kilete huku," akasema Eustadia. "Koo limenikauka, na mtama bado." Akajivuta kwa makalio mpaka akakifikia, akanywa, akampa mwenzie.

Waliposimama tena kupura, nafasi zilikuwa zimezibika, si zote, lakini fimbo ya bibi ilipata wenzake. Hakumshukuru Apolinaria. Alimwambia neno moja tu alipompita: "Kamba yangu umeiburuza kwenye makapi. Isafishe."

Hakuna aliyekwenda kumshauri Bibi Nyanzobe ahame. Mtama wake ulipurwa kwa zamu, na Modest alionekana wiki ile akikata miiba ya migunga. Lakini jina lilibaki. Mwalimu Fisi, shikamoo. Mwalimu Fisi, mama anasema uje uchukue mboga. Padri msimamizi alipofika alilisikia kwa watoto, akamgeukia Mwalimu Kasimiri, na Kasimiri akasema ni mambo ya kienyeji. Watu wa Raymundi waliacha kuja. Mama yake Apolinaria hakumgombeza. Aliacha tu kulitaja jambo lile, na wakati wa chakula alikuwa akimtazama, kisha akitazama sahani. Kila jina lile lilipoitwa, Apolinaria aliitika. Kila mara shingo iliwaka, kama mara ya kwanza.

Flavia alirudi shuleni mvua hazijafika, asubuhi ya vumbi. Aliketi karibu na mlango. Akiulizwa alijibu, asipoulizwa hakusema. Daftari lake alilileta mezani akiwa amegeuza uso. Apolinaria hakumharakisha. Alijua kungoja, lakini sasa alijua pia kwamba kuna vitu ambavyo mtu hana haki ya kuvingojea.

Siku moja watoto wakaomba mchezo wa kamba. Akawatoa nje. Safari hii hawakukimbilia. Aliwaita majina mmoja mmoja, na Flavia alimwita wa kwanza achague anachotaka. Flavia akatikisa kichwa, akabaki pembeni. Basi mtama akashika, na panzi, na kanga, na paka pori, na chui wawili, na Apolinaria mwenyewe akashika nafasi yake ya fisi. Nyuma yake kamba ilibaki kipande, kimelala mchangani.

Flavia alikuwa anakitazama.

"Baada ya fisi kuna nani?" akauliza.

"Hakuna," akasema Apolinaria. "Fisi ndiye wa mwisho."

"Yupo kobe. Bernardo alisema."

Akaja kwa mwendo wake, nyonga ikishuka, bega likipanda, taratibu, uwanja mzima kimya. Akapita mbele ya chui, akapita mbele ya mwalimu, akazunguka nyuma yake, akaokota kile kipande.

"Mimi ni kobe," akasema. "Nakula mavi yako, mwalimu."

Watoto hawakucheka. Walimtazama mwalimu kwanza, waone.

Apolinaria alihisi uso wote umewaka, na hakuuficha.

"Shika vizuri, basi," akasema, akasogea mbele ili kamba imtoshe.